Ng'ombe aliyekufa bado ana kazi kwenye kompyuta ya daktari

Na Mwandishi Wetu, Nyagatare

UJUMBE wa simu uliingia asubuhi, saa mbili hivi. Mama mmoja anayeuza maziwa hapa mjini aliusoma mara mbili, akafunga duka lake na kuja nao moja kwa moja mpaka kwa daktari wa mifugo. Ujumbe ulimkumbusha kwamba siku ya kumchanja Gaju dhidi ya homa ya mapafu imefika. Gaju alikufa miaka minne iliyopita, na daktari huyo huyo ndiye aliyempasua kutafuta kilichomuua.

"Daktari, mnaniitia marehemu," alisema mama yule huku akimnyoshea simu.

Daktari aliomba radhi. Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi pembeni akisubiri zamu yake kununua dawa ya kupe, na akashuhudia yaliyofuata. Daktari alimgeukia mpwa wake, kijana aliyesomea kompyuta ambaye humsaidia wakati wa likizo, akamwambia sasa basi, uchafu huu uondoke.

Kijana alikuwa na jibu tayari. "Mjomba, tufute kila faili ambalo halijafunguliwa kwa miaka mitatu. Nusu ya kompyuta itabaki wazi, na mashine itaacha kukwama."

Ni pendekezo ambalo wengi wetu tungelikubali. Kompyuta ilikuwa nzito kweli. Kufungua jina la mteja mmoja kulichukua muda wa kutosha mtu kunywa nusu kikombe cha chai. Lakini siku mbili baadaye aliingia mzee mmoja mlangoni, na kama kijana angekuwa ameshabonyeza kile kitufe, mzee angerudi kwake na hasara ya ng'ombe mzima.

Kabla ya kufika kwa mzee, tueleze kwanza uchafu wenyewe ni upi, maana hauko Nyagatare peke yake. Kila mwenye duka la dawa za mifugo, kuanzia Mbarara mpaka Ngara, anaujua.

Mafaili ya hapa yalianzia kwenye madaftari makubwa ya kaunta. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia zilizokuwa ukimbizini tangu 1959 zilirudi zikiswaga makundi makubwa ya ng'ombe, wengi wao wenye pembe ndefu kutoka Uganda. Makundi hayo yalijaa Umutara na kuingia mpaka ndani ya Hifadhi ya Akagera, ambayo mwaka 1997 ilipunguzwa sana ili watu na mifugo wapate mahali. Waliorudi walikuwa na ng'ombe, lakini wachache walikuwa na karatasi za ng'ombe hao. Veterineri wa wakati huo aliandika alichoambiwa: jina la mwenye ng'ombe, rangi ya ng'ombe, na mahali alipotoka.

Kompyuta ilipokuja, madaftari yalichapwa jinsi yalivyo. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Chukua majina ya ng'ombe. Katika nchi ya wafugaji ng'ombe huitwa kwa rangi yake, na rangi si nyingi. Ukitafuta Bihogo kwenye kompyuta ya daktari huyu wanajitokeza Bihogo kadhaa wa wenyewe mbalimbali, na watatu kati yao ni wa mtu mmoja. Gaju wa upande huu ni Gaaju ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo ng'ombe mmoja aliyechanjwa mara mbili na watu wawili tofauti amekuwa ng'ombe wawili. Binadamu nao wamo. Herufi R na L hubadilishana kila siku kwenye majina yetu, kutegemea nani ameshika kalamu, na mteja mmoja anaweza kuwa na mafaili matatu na deni kwenye kila faili.

Halafu kuna anwani. Faili linasema mteja anakaa Muvumba, Mkoa wa Umutara. Mkoa huo haupo tena. Mwaka 2006 Rwanda ilibadili mipaka yake ya utawala, mikoa 12 ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Umutara ikamezwa na Mkoa wa Mashariki. Namba za simu za miaka hiyo nazo zilikuwa na tarakimu nane na kuanza na 08, na leo ukizipiga hazimpati mtu. Kuna hata ng'ombe waliozaliwa tarehe 1 Januari 1900, si kwa sababu ya umri mrefu bali kwa sababu mchapaji aliacha nafasi wazi na kompyuta ikajijazia yenyewe.

Sasa turudi kwa mzee.

Mzee huyu aliishi Kagera kwa miaka mingi. Mwaka 2013, serikali ya Tanzania ilipowaondoa mkoani humo watu iliowahesabu kuwa wahamiaji haramu, naye alikuwa miongoni mwao. Alivuka na familia yake na ng'ombe wachache aliofanikiwa kuwakusanya. Wengine walibaki huko, na anasema hajui waliko. Karatasi zote zilibaki kwenye nyumba. Mmoja wa wale waliovuka alikuwa jike mweupe, na miaka kadhaa baadaye akazaa ndama jike. Ndama huyo sasa ni ng'ombe mkubwa, na mzee alikuwa amempata mnunuzi.

Mnunuzi ni mfanyabiashara makini. Kabla ya kutoa fedha alitaka damu ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao ukimshika binadamu kupitia maziwa mabichi humtesa kwa homa zisizokwisha na maumivu ya viungo. Kipimo cha haraka, kile cha kuchanganya tone la maji ya damu na dawa yenye rangi ya waridi, kilionyesha kwamba ng'ombe anao. Mnunuzi akarudisha fedha mfukoni. Akatoa bei nyingine, ya machinjio.

"Mwanangu," mzee alimwambia daktari, "huyu ng'ombe hajawahi kutupa. Amezaa mara mbili. Wewe mwenyewe ulimchoma sindano akiwa mdogo. Angalia kwenye mashine yako."

Daktari akaangalia. Jina la mzee lilikuwepo mara mbili, moja kwa R na jingine kwa L. Faili la kwanza lilikuwa na deni la zamani tu, tena lililokwisha kulipwa. La pili halikuwa limefunguliwa tangu 2021, mwaka ambao yule jike mweupe alikufa na mzee akahamishia mifugo yake malisho mengine. Lilikuwa kwenye orodha ya kijana ya kufutwa. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja wa mwaka 2020: ndama jike wa miezi kumi, mama yake yule mweupe, amechanjwa S19.

Hapa inafaa nieleze, maana wafanyabiashara wengi wa mpakani hawaambiwi jambo hili. S19 ni chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba ambayo hutengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa kawaida hutolewa kwa ndama jike wa kati ya miezi mitatu na minane. Akichanjwa katika umri huo, alama ambazo chanjo inaacha kwenye damu kwa kawaida hupungua kabla hajawa mkubwa. Akicheleweshwa, alama hizo zinaweza kukaa muda mrefu, na kipimo cha haraka hakiwezi kutofautisha kati ya ng'ombe aliyechanjwa akiwa amechelewa na ng'ombe mgonjwa. Kinachoweza kutia shaka kwenye jibu hilo ni kumbukumbu: nani alichanjwa, lini, kwa chanjo gani, akiwa na umri gani. Bila mstari ule mmoja, ng'ombe wa mzee ni mgonjwa na hakuna la kubishana.

Mstari ule haumtangazi kuwa mzima, na daktari alilisema hilo wazi. Unachofanya ni kumpa haki ya kupimwa tena, maabara, kwa kipimo kingine kinachochunguza zaidi. Damu ilichukuliwa siku hiyo hiyo. Mzee akaambiwa wakati wa kusubiri asinywe wala asiuze maziwa yake bila kuyachemsha, na akitaka kuzaa asimzalishie karibu na wengine.

Mpwa hakusema neno. Jioni ile orodha yake ya kufuta ilichanwa, na kazi ikaanza upya kwa utaratibu mwingine ambao naona wenye maduka kama haya wanaweza kuuiga, hata wale ambao bado wanatumia daftari.

Jambo la kwanza walilolifanya halikuwa kufuta wala kusahihisha. Walinakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja ikaenda nyumbani kwa daktari na nyingine ikabaki dukani. Kisha wakaichomeka moja kwenye kompyuta nyingine kuona kama mafaili yanafunguka. Nasisitiza hatua hii ya mwisho kwa uchungu. Mimi mwenyewe niliwahi kutunza barua na picha za familia kwenye diski kwa miaka saba, nikijisifu kwa majirani, na siku nilipozihitaji diski ilikuwa tupu. Nakala ambayo hujaijaribu usiihesabu.

Baada ya hapo waliwatenga walio hai na wasiokuwapo. Ng'ombe aliyekufa, aliyechinjwa au aliyeuzwa alipewa alama yake na tarehe, akaondolewa kwenye orodha ya kila siku na kwenye ujumbe wa simu. Faili lake likahamishiwa sehemu ya pembeni ambako mtu anaweza kusoma lakini hawezi kubadili. Kwa hatua hiyo peke yake mashine ilipata nafuu, na yule mama wa maziwa hataitiwa marehemu tena. Kuondoa faili mezani na kulichoma moto ni mambo mawili tofauti, lakini kwenye kompyuta watu huyachanganya kwa sababu vitufe viko karibu karibu.

Majina yaliyojirudia yaliunganishwa, hayakufutwa. Kabla ya kuunganisha Karekezi wawili, ilibidi kitu kingine kifanane pia: simu, kijiji, au namba ya hereni ya ng'ombe. Jina peke yake halitoshi. Pale walipokuwa na shaka waliwaacha wawili, wakaandika kwamba huenda ni mtu mmoja. Anwani ya zamani nayo haikufutwa. Umutara ilibaki pale pale ilipoandikwa na wilaya ya leo ikaongezwa mbele yake. Mtu akija miaka kumi baadaye na cheti cha zamani cha Umutara, atalikuta neno hilo.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, la kuangalia zaidi ni hereni. Ng'ombe akinunuliwa ng'ambo ana namba ya huko. Hereni ikidondoka au ikibadilishwa, anapewa namba mpya, na kwa kompyuta huyo ni ng'ombe mpya kabisa asiye na chanjo hata moja wala mama. Historia yake yote inabaki kwa namba iliyodondoka porini. Daktari huyu sasa anaandika namba mpya na ya zamani kwenye faili moja. Ukinunua ng'ombe Mirama Hills au Kagitumba, muombe muuzaji namba zote ambazo ng'ombe amewahi kuvaa, na uziandike kabla hamjaagana. Kumbukumbu za duka binafsi si kibali cha kuvuka mpaka. Cheti cha afya hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali. Lakini daktari wa serikali naye huuliza ng'ombe alichanjwa lini, na jibu la "nilimkuta amechanjwa" halijawahi kumsaidia mtu.

Baadhi ya chanjo zenyewe zina maisha marefu kuliko mafaili. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo hudumu miezi michache tu, hivyo tarehe ya zamani haimlindi ng'ombe leo. Ile ya ndigana kali inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda, ambayo asili yake ni Muguga nchini Kenya, hutolewa mara moja. Ng'ombe huingizwa vimelea vyenyewe na papo hapo hudungwa dawa ya kuvizuia visimuue. Baada ya hapo anaweza kubaki na kinga kwa miaka, na pia anaweza kubaki na vimelea ambavyo kupe atavichukua na kuvipeleka kwa wengine. Anayemnunua ili ampeleke kusikokuwa na ugonjwa huo anatakiwa kujua. Sheria ya kufuta kila kisichofunguliwa kwa miaka mitatu ingefuta taarifa ambayo bado ina kazi mwilini mwa ng'ombe.

Kisha kuna kimeta. Mdudu wa kimeta hujifunga kwenye ganda na kukaa ardhini kwa miongo mingi, akisubiri mafuriko au jembe limfukue. Mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na kila aliyekuwa karibu alijifunza kwamba ugonjwa huu hauondoki na mzoga. Kwa hiyo faili la ng'ombe aliyekufa kwa kimeta halipaswi kuondoka kamwe, hata kama mwenyewe amehama na kijiji kimebadilika jina. Kinachotunzwa hapo ni mahali pa kaburi. Katika daftari moja la hapa imeandikwa kwamba mzoga ulizikwa "chini ya mti mkubwa". Mti umekatwa. Siku hizi simu ya kawaida inaweza kusoma namba za mahali ulipo, na namba hazikatwi kuni.

Homa ya Bonde la Ufa nayo ina mwendo wake. Mbu wanaoianzisha hutaga mayai kwenye mabonde yanayotuama maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miaka mpaka mvua kubwa irudi. Ilizuka Afrika Mashariki mwaka 1997 na 1998, ikaibuka tena 2006 na 2007 huko Kenya, Somalia na Tanzania. Rwanda iliipata 2018, ikarudi 2022. Anayeona miaka mitatu tu nyuma hawezi kuona mwendo huo. Dalili yake kubwa ni mimba kutoka kwa wingi kwa wakati mmoja, na mimba hizo zimeandikwa wapi? Kwenye mafaili ya ng'ombe ambao wengi wao wamekwisha kufa. Daktari alipopanga ya kwake kwa miezi badala ya majina ya wateja, aliona jinsi zilivyosongamana kwenye majira ya maji mengi. Anasema alikuwa akiziandika moja moja bila kuziangalia kwa pamoja.

Wazee wetu wanaikumbuka sotoka. Iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ndani ya miaka kumi ikafika kusini kabisa mwa bara, ikiacha wafugaji bila ng'ombe na njaa nyuma yake. Mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani. Tangazo hilo halikuja kwa kutoona mgonjwa tu. Kila nchi ilitakiwa ionyeshe kwa maandishi ilipoacha kuchanja, ilipopima damu na ilichokuta. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright ya Uingereza iliteketeza akiba yake kubwa ya virusi vya sotoka, lakini kwanza ikasoma na kuhifadhi kwenye kompyuta maandishi ya vinasaba vyao. Wao walichoma ugonjwa, wakabaki na kumbukumbu. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Je, basi kila kitu kitunzwe? Hapana, na hapa sikubaliani na wale wanaogeuza kompyuta ghala. Yapo ya kufutwa. Ng'ombe wa majaribio ambao kijana aliwaingiza akijifunza programu walifutwa. Miadi ya zamani ilifutwa. Na kuna jambo la mwenye ng'ombe. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 inayolinda taarifa za watu binafsi, Kenya na Uganda zilipitisha za kwao 2019, Tanzania 2022. Wazo linalozipitia zote ni kwamba usikae na taarifa za mtu kupita unavyozihitaji. Namba ya simu ya mtu aliyehama miaka kumi iliyopita, namba yake ya kitambulisho, na maneno ambayo karani aliandika siku ya hasira kwamba "huyu halipi", hayana kazi tena. Historia ya ng'ombe inaweza kubaki na mambo ya mwenyewe yakapunguzwa. Wafugaji waliopitia ukimbizi wanajua vyema kwa nini mtu asipende jina lake likae kwenye orodha asizozijua.

Kazi ilichukua karibu majuma matatu, jioni baada ya duka kufungwa. Kila badiliko liliandikwa: nani amelifanya, siku gani, kwa nini. Mpwa alilalamika kwamba kuandika sababu kunamchelewesha kuliko kusahihisha. Siku ya nne alikuta kosa lake mwenyewe la siku ya pili, akalirudisha kwa dakika moja kwa sababu lilikuwa limeandikwa, na sikumsikia tena.

Majibu ya maabara yalirudi kabla hawajamaliza. Kipimo cha pili hakikuona ugonjwa. Mzee alikuja na fimbo yake, akasomewa, akaomba arudiwe kusomewa. Mnunuzi alikuwa amesimama nje akiongea na simu.

Daktari alipokuwa akimchapia nakala ya faili, mzee aliuliza kama yule mama mweupe ataonekana kwenye karatasi. Daktari akamjibu kwamba mnunuzi hahitaji hilo, ng'ombe anayeuzwa ni binti.

"Muweke," mzee alisema. "Ndiye niliyevuka naye."

Karatasi ikachapwa mara mbili, moja ya mnunuzi na moja ya mzee. Ya mzee ilikuwa na mstari mmoja zaidi.